Mtungi Uliosikia Chini ya Kitanda

"Toa ile mutungi mu lupango yako, Tata Kankolongo! Inaita bantu ya kufa!"

"Mama Mbelu, mutungi haiite muntu. Inasikia tu."

"Inasikia! Sasa we uko mulozi, ama uko redio?"

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo walivyorushiana maneno, kila mmoja uani kwake, majirani hawa wawili hapa Kolwezi, huku barabara nzima imejaa watazamaji. Ugomvi wa majirani haukosi wageni, mnatujua. Leo tunamkumbuka mmoja wao, Tata François Kankolongo, mlinzi wa jumba dogo la makumbusho. Ametuacha wiki hii.

Tata Kankolongo alipenda vitu vitupu. Mitungi ya Sandoa. Ngoma ya gogo kutoka Musumba. Kofia ya chuma ya mchimba shaba. Ndani ya kila kimoja alitia mikro ndogo ya kunasa sauti, akaiunganisha na bafle ya kuitoa. Hakupiga, hakupuliza. Kila kitu kilivuma chenyewe: kofia kama mbu, mtungi mkubwa kama mtu anayelalamika usingizini. Vyote pamoja vikawa muziki, na wageni wakausikiliza wamefumba macho.

"Bwana yangu alisema kitu tupu haisemi bongo, inasema kweli tu," anatuambia mkewe, Mama Annie.

Sasa ule mtungi mkubwa ukapata ufa. Akauleta nyumbani kuuziba. Akauweka sakafuni, akaujaribu. Ukagonga. Ko. Ko. Ko. Mama Mbelu alisikia kupitia ukuta, akatoka mbio. Hapo ndipo matusi ya uchawi yalipoanza.

Lakini Tata Kankolongo naye aliogopa, tena kuliko yeye. Mtungi haukugongwa na mfu. Uligongwa na ardhi. Akaomba aujaribu kwa jirani yake, ajue mapigo yanatoka wapi. Mama Mbelu akakubali mbele za watu, apate kumwaibisha vizuri. Mtungi ukawekwa chumbani kwake, kando ya kitanda cha wajukuu.

Ko! Ko! Mapigo yakazidi. Kisha mtu akakohoa. Kisha akaimba.

Mama Mbelu aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Glodi, mwanawe, aliyeaga kwamba anakwenda Kasaji kununua mahindi.

Wasikilizaji wapendwa, nyumba zile tunazijua. Turubai limefungwa uani, ukiuliza unajibiwa: "Tunachimba choo." Choo gani hakiishi kuchimbwa? Kazadi, jirani wa nyuma, alikuwa na choo cha namna hiyo. Shimo lake lilifuata kobalti hadi chini ya kitanda cha Mama Mbelu. Na Glodi alikuwa humo.

"Glodi! Toka! Njo mama yako anakuita!" Mama Mbelu akaupigia mtungi kelele. Lakini mtungi unasikia tu, haupeleki neno. Kwenye bafle ikaja sauti mpya, nyepesi, kama unga unaochekechwa. Udongo ulikuwa unamwagika.

Watu wakakimbilia kwa Kazadi, wakavuta kamba. Akatoka kijana mmoja, akatoka mwingine. Tata Kankolongo alibaki chumbani, sikio kwenye bafle, akipaza sauti dirishani: "Mungine angali! Vuta!"

"Tata, toka basi!" Mama Mbelu alilia. "Nyumba itakumeza!"

"Angali! Ninasikia pumzi yake!"

Glodi alitoka wa mwisho, mwekundu wa udongo mwili mzima. Kabla hajasimama, sakafu ya mama yake ilididimia. Na Tata Kankolongo pamoja nayo.

Mama Annie na familia nzima, poleni sana. Kolwezi inalia pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki tujiulize: tukiambiwa "choo", tunaamini kwa kuwa hatujui, au tunaogopa kujua?

Jambo moja la kilioni lazima niwasimulie. Mama Mbelu hakuja. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Aliogopa kidole cha mjane: bwana yangu amekufa, mutoto yako anapumua. Siku ya mazishi akajikaza. Akasimama mlangoni pa lupango ya wafiwa, beseni la unga wa bukari kichwani, Glodi nyuma yake. Hakuthubutu kuinua mguu.

"Ni mi njo nilimuita bwana yako mulozi," akasema.

Mama Annie akamtazama Glodi. Akamtazama sana, mpaka kijana akaangalia chini.

"Mbelu," akasema mwishowe, "utasimama pale mpaka bukari ipoe? Ingia na mutoto yako, mukule."