Joram Ogola na Wingu la Negativu Saba

Ndugu yetu Joram Ochieng' Ogola alizaliwa Ahero tarehe 14 Machi 1947, mwana wa kwanza wa Mzee Ogola na Mama Rosa. Mafuriko yalikuwa yamefika mlangoni siku hiyo, na mkunga aliletwa kwa mtumbwi.

Alisoma hapo Ahero hadi darasa la saba, mwaka wa 1962. Mwaka wa 1966 aliajiriwa Kisumu, katika studio ya Bwana Gurcharan. Kazi iliyompa jina ilikuwa kuunganisha picha. Kama baba alifariki kabla familia haijapigwa picha, Joram alitoa sura yake kwenye negativu ya zamani akamsimamisha katikati ya watoto. Kina mama wengi hapa mna picha hizo ukutani.

Alimwoa Seline mwaka wa 1974. Seline alivumilia mengi, maana bwana huyu alipenda nyota kupita kiasi. Desemba 1988, pale Dunga, alipiga picha mara saba wingu dogo la mwanga lililo karibu na zile nyota tatu za mstari. Kila negativu ilitoka hafifu, chenga tupu, zile punje punje za filamu. Basi akapanga kila nyota ikae juu ya nyota yake, akachapa zote saba juu ya karatasi moja, kila moja sekunde tano. Wingu likatokea wazi.

Akaileta picha kanisani. Mimi Adero, dada yake ninayewasomea, mdomo wangu mnaujua. Nilisimama nikasema, "Ah! Si ndiye huyu anayeweka wafu kwenye picha za harusi? Leo ameweka moshi mbinguni!" Mlicheka sana. Joram akaikunja picha, na hakuionyesha tena kwa mtu.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka wa 1993, ukamla macho. Wiki ile ya mwisho aliniomba nizishike zile negativu dirishani, moja moja. Akasema, "Chenga zinahama, nyaminwa, dada yangu. Cha kweli kinabaki palepale." Niliangalia. Zote saba zilikuwa na doa lilelile, kando ya nyota ileile. Nikamrudishia, na kwa kiburi tu nikajiambia nitamwambia Jumapili kwamba nimeliona. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1996, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane wake Seline, watoto wake Benta na Walter, wajukuu watatu, na mimi. Nilimwita mwongo mbele yenu, na mbele yenu nasema: Joram, wingu lilikuwepo. Nisamehe. Pumzika, ndugu yangu, kwa amani ya Mungu.