Mashine Inayobisha Hodi

Kwenye kiti cha mbele yangu katika basi walikaa watu wawili wasiojuana: fundi saa mwenye mvi na mama mshonaji.

"Narudi kupigwa picha ya kichwa," fundi alisema. "Mkono ulikufa ganzi. Daktari anahofia mafuta yameganda kwenye mishipa ya ubongo, anataka aone yameziba kiasi gani kabla kiharusi hakijaniwahi."

"Kwani hujapigwa?"

"Nilipigwa, ikaharibika. Waliniingiza kwenye tundu la ile mashine ya picha, MRI, wakasema nisitikisike. Mara ngo, ngo, ngo! Nikainua kichwa, nikasema karibu."

Mama alicheka mpaka ushungi ukamlegea. "Kaka, hiyo ni mashine inafanya kazi yake!"

"Hodi ni hodi. Sikulelewa kuwanyamazia wageni."

"Adabu hiyo itakuzika, shemeji."

Kutoka kaka hadi shemeji; undugu ulikimbia kuliko basi letu.

Tukasimama mbele ya hospitali. Fundi aliinuka, halafu akasita, akamgeukia mama.

"Twende wote, basi. Wewe kaa mlangoni uwaitikie wageni, mimi nitalala kama gogo."

"Mimi sishukii hapa!" mama alifoka, huku akinyanyua kikapu chake na kumfuata.