Pazia Nililochelewa Kulifunga

Mama Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu mliokuja na chupa za chai badala ya chupa zile nyingine. Kwa miaka miwili mizima mimi niliamini kwamba kuna Mwingereza aliyekufa mara kumi na saba. Cheka tu, mzee, hata mimi nacheka. Niliamini kwamba serikali ya kwao ina dawa ya waigizaji peke yao: wanachomwa sindano kisiginoni, wanakaa saa sita, wanaamka wanadai chai. Aliyenieleza alikuwa muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kule Liuli, na alinieleza kwa uso mkavu huku ananipunja kipimo. Nami nikaenda kuwaeleza wengine, na mdomoni mwangu zile kumi na saba zikawa ishirini na tatu.

Nimeandika haya kwenye karatasi kwa sababu nikisema bila karatasi naongeza. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni ananijua. Hata humu nimeongeza kidogo, mtanisamehe. Mahali ambapo sikuongeza mtapajua wenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mitumba imeanza kushuka mpaka ziwani, na kila kijana wa huku milimani anajiona mfanyabiashara. Mimi nilikuwa natoka kijijini kwetu Ukata na maharage, nashuka ziwani, narudi na usipa. Safari moja nikakuta watu wamejaa kwenye ukumbi wa misheni, jenereta inanguruma, televisheni imewekwa juu ya meza. Kwenye video mzee mmoja wa Kizungu anapigwa risasi, anashika ukuta, anateleza polepole, anakufa. Wanawake wakaguna. Halafu mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mzee yule yule, amevaa kandambili, ameshika kikombe, anauliza kwa Kiswahili cha kitabuni kama kuna aliyeona sukari.

Ndugu zangu, nawaambia, ungekuwa wewe ungeamini nini?

Watu walimwita Bwana Pazia. Alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, akaja kusaidia misheni kufundisha michezo ya kuigiza. Aliniajiri wiki ile ile, kwa sababu nilimwambia najua kushona pazia. Sikujua hata kutunga uzi. Tulishona mashuka ya mitumba, la bluu na la maua, tukapata pazia kubwa, kwa maneno yangu ya siku zile, la kufunika Songea yote. Na wakati tunashona akawa ananisimulia maisha yake.

Baba yake alibeba makaa ya mawe bandarini, mji wa baridi na mvua. Yeye akaanza kwa kufagia jumba la maigizo, kisha kupanga viti, kisha siku moja mwigizaji akalewa naye akasukumwa jukwaani avae koti la mwenzake. Alikaa jukwaani karibu miaka thelathini. Alikuwa na sauti, jamani! Akiita Liuli, samaki wanahamia upande wa Malawi. Lakini watu wa sinema hawakuitaka ile sauti. Walimtaka kwa jambo moja tu: alijua kuanguka, nami bado nikadhani ni ile sindano. Basi kila sinema akawa ni mtumishi, au askari, au daktari, na kila sinema anakufa kabla haijafika nusu. Jina lake linatokea mwisho kabisa, herufi ndogo kama macho ya usipa, watu wameshainuka. Aliniambia hajawahi hata mara moja kuona mwisho wa hadithi akiwa hai ndani yake. Alisema hivyo akicheka, nami nikacheka. Leo sicheki.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, na alinifunza kama katekisimu. "Anayekufa jukwaani haguswi mpaka pazia lifungwe." Hata kama anakohoa. Hata kama mama yake mzazi yuko mstari wa mbele. Na pazia lenyewe lisifungwe haraka: mtu akianguka, mvuta pazia ahesabu ishirini kimoyomoyo, watazamaji wapate kuumia vizuri. Mvuta pazia nilikuwa mimi. Najivunia kusema sikuwahi kukosea hesabu.

Mwaka wa pili akatunga mchezo wake mwenyewe kwa Kiswahili, wa baba mkorofi anayekufa akikataa kumsamehe mwanawe. Nafasi ya yule baba akanipa mimi. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne mama yangu akatuma ujumbe kutoka Ukata kwamba mtoto wake akijilaza maiti mbele ya watu asirudi nyumbani kwake. Mnajua kwetu. Mtu hafanyi mchezo wa kulala chali amefumba macho, na watu wanamlilia. Hata kule ziwani wazee wote walioombwa walikataa. Nikaenda kwa Bwana Pazia, nikamwambia anipe hata kuwa mbuzi, lakini maiti hapana.

Akasema, "Basi nitakufa mimi. Nimezoea."

Hapa ndipo ninapoanza kusoma polepole.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Ukumbi umejaa, watoto wako madirishani. Bwana Pazia akasimama katikati ya jukwaa, amevaa kanzu na kofia ya baba mkorofi, anamfokea mwanawe. Alikuwa bado na sentensi mbili. Mimi nilizijua zote, kamba iko mkononi, nasikiliza. Akanyamaza katikati ya neno. Akaanguka.

Nikasema moyoni, mzee leo kaamua kufupisha. Na ameanguka vizuri kuliko siku zote.

Makofi yakalipuka. Mstari wa pili kulikuwa na muuguzi wa hospitali ya pale, msichana mgeni aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine, hata mwaka hajamaliza. Akainuka, akaja mbele, akaweka mguu kwenye ngazi ya jukwaa. Nikamzuia kwa mkono. Nikamnong'oneza ile sheria, yote, bila kuruka neno. Akasema, "Kaka, niache nipite." Nikamwambia arudi akakae, asituharibie.

Nikahesabu ishirini. Makofi hayajaisha. Nikaona si vizuri kumkatia mzee makofi yake, nikahesabu ishirini nyingine. Ndipo nikafunga pazia, la bluu na la maua, nikamwendea nikiwa nimejaa furaha, nikamwambia Bwana leo umewamaliza, inuka.

Yale niliyofanya baada ya hapo mnayajua, maana na ninyi mmeyafanya. Nilipanda kurudi huku kwetu Mbinga siku ya tatu baada ya mazishi. Sikumwambia mtu. Mke wangu, niliyekuwa nimemwacha nyumbani na kahawa, aliniuliza mbona nimerudi bila usipa, nikasema ziwa limekauka. Nikaanza na pombe ya komoni, kisha gongo. Kahawa yetu ikaota majani mpaka nyani wakawa hawaipati. Ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia ambayo baba yangu aliyachimba kwa mgongo wake, zikajifukia.

Niliona kuwa nimemuua mara mbili. Mara ya kwanza nilipokataa nafasi yangu akaichukua yeye. Mara ya pili nilipohesabu.

Siku moja kilabuni mtu aliyewahi kufika Liuli akaniuliza yule Mzungu alianguka vipi. Nikamwonyesha. Mimi, niliyekataa kulala chali kwa ajili ya rafiki yangu, nilijitupa pale kwenye vumbi la kilabu, nikafumba macho, nikafa. Watu walicheka mpaka mmoja akadondosha kopo lake. Wakaninunulia pombe. Kesho yake wakaniambia, kufa tena. Basi hiyo ikawa kazi yangu. Karibu miaka minne nilikufa kila siku ya gulio kwa kopo moja, na sikukuu kwa makopo mawili. Nilikuwa naanguka kila siku, ndugu zangu, na kila mtu anapiga makofi.

Mke wangu alikuja mchana mmoja na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa chini, macho nimefumba, nasikia vicheko. Kisha vicheko vikakatika. Nikahisi nguo laini imeshuka usoni, ina harufu ya moshi wa jikoni kwangu. Alikuwa amenifunika khanga yake, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama wanavyofunikwa. Hakulia wala hakunitukana. Niliisikia sauti ya miguu yake ikienda, na mtoto akiuliza baba kafanya nini. Sikusikia jibu.

Niliogopa kuiondoa ile khanga. Nawaambia kweli, sikuwa na hakika kama nitakuta nuru. Nilipoiondoa, kilabu kizima kilikuwa kimehamia upande wa pili wa ua. Hakuna aliyetaka kunywa na mtu aliyefunikwa. Muuza pombe mwenyewe alinisogezea kopo kwa kijiti.

Siku hiyo sikunywa. Ya pili nilikunywa, sitawadanganya. Lakini kilabuni sikufa tena.

Mke wangu alihamia kwao siku ile ile, na hajarudi. Siku hizi tukikutana sokoni ananisalimu, na mtoto ananipa shikamoo. Nashukuru kwa hilo, ingawa nikifika nyumbani nakaa kitako kwanza kabla ya kupika.

Sasa nishukuru. Nawashukuru ninyi, mlionipokea nikiwa nanuka na mkanipa kiti cha karibu na mlango, nikimbie nikitaka. Namshukuru mwalimu wangu wa jioni, aliyenifundisha mtu mzima wa ndevu kuandika barua, nami barua ya kwanza nikamwandikia mtu aliyekwisha kufa, naye akaisahihisha bila kuuliza. Cheti nilikipata. Nimekitundika ukutani kando ya picha ya harusi. Namshukuru katibu wetu, aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia niache kuwasimulia watu wa Mbinga, nikamsimulie yule niliyemzuia kwenye ngazi.

Na somo langu ni fupi. Mtu akianguka mbele yako, mguse. Usingoje kujua kama anatania. Akiwa anatania atakucheka, basi, utakuwa umechekwa.

Niliteremka ziwani juu ya lori la mahindi mwezi uliopita. Yule muuguzi yupo bado, sasa ni mkubwa wa wodi, ana miwani. Nilimkuta akianika mashuka. Nikamwambia yote, kamba, ishirini, na ishirini nyingine, nikamwomba anisamehe kwa kumzuia asimwokoe. Alimaliza kwanza shuka lililokuwa mkononi. Akaniambia Bwana Pazia alikuwa anakuja kwao kila Alhamisi kwa ajili ya moyo, na daktari alikuwa amemkataza jukwaa, naye akakataa kusikia. Kisha akaniambia maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyasema.

"Kaka yangu, mtu aliye hai akianguka hutanguliza mikono. Yeye mikono yake haikusogea. Alikuwa ameshakufa kabla hajafika chini, na mimi niliona. Sikuwa nakuja kumwokoa. Nilikuwa nakuja kumfumba macho."