Mzee Kaza Afunguliwa Mkanda

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Mzee Kaza anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwafunga watu wazima kwenye viti kama mizigo. Ameutumikia uwanja wetu wa mbio za magari chini ya wakurugenzi watano, na wote watano amewahi kuwaambia kwamba hawajui kukaa.

Kwenye barua zake za kazi anaitwa Msimamizi wa Usalama wa Madereva. Wateja wanaokuja kukodi gari la mbio na kulikimbiza kwenye lami yetu wanamkumbuka kama yule mzee aliyewakandamiza kwa goti. Anaanza na mkanda wa nyonga, anaushusha kabisa hadi kwenye mifupa, anaukaza mpaka mtu anakumbuka alichokula asubuhi. Halafu mikanda ya mabega. Halafu mtikiso wake maarufu: anakushika mabega kwa mikono miwili, anakuvuta mbele, anakupeleka kushoto na kulia kama anayetafuta chenji mifukoni mwako. Ukisogea, anafungua kila kitu na kuanza upya. Kwa maoni yake, mtu aliyelegea kitini haendeshi gari, ameling'ang'ania tu. Akifika kwenye kona, mikono yake inahangaika kumzuia asianguke na usukani unabaki yatima. Somo hili tumelisikia mno, hata mpishi wa kantini anaweza kulitoa, tena kwa kifupi.

Adui yake mkubwa ni nguo nene. Anadai kwamba mkanda uliokaza sweta haujakaza mtu: sweta linabonyea, nafasi inabaki, na breki ikishikwa mwili unaifuata nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo amewavua makoti watu wenye vyeo vizito kwenye baridi kali, bila kuomba radhi.

Nyumbani hali si nafuu. Mkewe ametusimulia kwamba gari lao halijawahi kutoka getini bila ukaguzi. Siku ya kumpeleka mama mkwe kwa daktari wa macho, Mzee alikwama, maana mkwe hashikwi mabega. Basi alisimama nje, ameugeuzia ukuta uso wake, akamwelekeza mkewe jinsi ya kumvuta mama yake mzazi. Bibi alifika kwa daktari amechelewa na amenuna, ila hakuwa amesogea.

Tusimpake mafuta, amewahi pia kuboronga. Kuna mfanyabiashara mmoja aliyefungwa barabara, gari likagoma kuwaka. Mzee akaenda gereji kumwita fundi, njiani akakuta watu wanabishana kuhusu mpira, akaingia ubishini na kusahau kilichomtoa. Yule bwana, na glavu zake nene, alishindwa kujifungua. Fundi alimkuta amelala kitini, ameshikwa vizuri, anakoroma. Mzee alipoitwa kujieleza, alisema tu kwamba mteja alikutwa palepale alipomwacha.

Sasa tuje kwenye taa. Mkurugenzi wetu wa leo ni mtu wa mipango, na mwaka huu ametufungia kifaa kipya: mkanda ukiingia kwenye kifungio, taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Kifaa kinaokoa muda na hakimkunji mteja shati. Ikatangazwa kikaoni kwamba Mzee akiondoka, mtikiso nao unaondoka. Mzee aliumia, na hakuficha. Alisema taa inajua kwamba kifungio kimeshika, haijui kama mtu ameshikwa. Kikao kizima tulitazama meza, kwa kuwa wiki ile mkurugenzi alikuwa anasaini likizo zetu.

Jumatatu iliyopita tulimzawadia mzunguko mmoja kama abiria, maana amini usiamini, alikuwa hajawahi kuzunguka uwanja huu kwa kasi. Mimi, ninayeachiwa kazi yake, nikapewa heshima ya kumfunga. Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri kwa hamu isiyo njema, na goti nililitumia. Taa ikawaka. Mkurugenzi, simu mkononi tayari kwa picha, akasema twendeni, muda unakwenda.

Mzee alikuwa ametulia, anatazama mbele, hakosoi kitu. Kunyamaza ndani ya gari si kawaida yake hata kidogo. Nikamshika mabega, nikavuta. Akaja mbele upana wa kiganja kizima, na taa bado inaniwakia kijani.

Nilifungua kila kitu, nikatia mkono mgongoni mwake, nikachomoa sweta zito la kijivu, limekunjwa vizuri kama la dukani. Alilipachika mwenyewe wakati wa kukaa. Mkurugenzi alilitazama sweta, akaitazama taa, akairudisha simu mfukoni. Nikaanza upya, mkanda wa nyonga kwanza. Safari hii Mzee hakusogea, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alisema ni vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Alipiga kelele kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho. Dereva anasema zilikuwa kelele za kumkosoa. Juzi tumepata taarifa kwamba mtikiso unabaki, na kwamba ni ubunifu wa menejimenti. Tunaipongeza menejimenti.

Mzee Kaza, asante kwa kutuudhi muda wote huu. Wapo waliougonga ukuta wa kona ya tatu, wakashuka kwa miguu yao na kuja ofisini kulalamikia shati. Tunakutakia maisha mema, afya, na kochi lisilo na mikanda. Sweta lako hulipati. Kila atakayeajiriwa kwenye kazi hii atapewa mtu wa kumfunga, sweta likiwa limefichwa mgongoni mwa mtu huyo, na sisi tutasimama pembeni tuone kama atavuta.