Mwalimu Asenath na Watoto Kumi na Wanne wa Garsen

Wachungaji wetu, wazee wa Wenje, wakwe zetu mliotoka Kilelengwani, walimu na wazazi wa Garsen, familia imenipa mimi, Komora, mdogo wake marehemu, kazi hii ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie nikikwama.

Marehemu Asenath Dado Komora alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa Wenje, mwaka ambao mto ulipanda hadi kwenye migomba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Komora na Mama Mumina. Alianza darasa la kwanza mwaka 1986 hapahapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, na mwaka uliofuata kanisa likamwomba awashike watoto wa chekechea kwa muda tu, mpaka apatikane mwalimu. Huo muda tu ukawa miaka ishirini na saba, kwa maana alipata cheti chake cha ualimu mwaka 2001, na hakuwahi kutaka kufundisha watoto wakubwa, akisema hao tayari wamejifunza kudanganya.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Levi Kitsao Fondo, fundi seremala, wakahamia Garsen, akaendelea kufundisha chekechea huko, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pauline aliyezaliwa mwaka 2006, Fondo aliyezaliwa mwaka 2010, na Kache aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2017, wakati mama yake alipokuwa ameshagawa nguo zote za kitoto akidhani amemaliza.

Januari 2020 marehemu alilinunulia darasa lake kapu la vibao vya kuchezea, vyekundu, vya manjano na vya kijani, ambavyo havikuwa na jina la kiwanda wala nchi vilikotoka. Levi alikuwa amejitolea kuchonga vya mbao, lakini marehemu alimjibu, "Baba Pauline, watoto wanapenda rangi," na neno hilo aliniambia mwenyewe kwamba angelipa chochote kulirudisha kinywani. Mwezi wa Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, akalibeba kapu nyumbani lisiibwe, na Kache, ambaye meno ya nyuma yalikuwa yanamwota, akachagua kibao kimoja chekundu, akala nacho, akalala nacho.

Kufikia Oktoba mtoto alikuwa analia tumbo, anakataa chakula, amepauka viganja, akatibiwa malaria mara tatu na minyoo mara mbili, kisha maneno aliyokuwa ameshayajua yakaanza kumpotea moja baada ya jingine, mpaka likabaki neno mama, na hilo nalo likaondoka. Januari 2021 shule zilipofunguliwa, marehemu alilirudisha kapu darasani, kwa nia njema kabisa. Mwezi uliofuata Kache alishikwa na degedege, akapelekwa Mombasa, na huko daktari alimwuliza mama yake swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza, "Mtoto huyu hupenda kutia nini mdomoni?" Marehemu alifungua mkoba akatoa kibao, kwa kuwa mtoto hakutulia bila hicho, na daktari akavaa glavu kabla ya kukipokea. Dada yangu alisema kwamba alipoziona zile glavu, alijua.

Damu ilionyesha madini ya risasi, na rangi ya kibao hicho ilipopimwa ilionyesha hayohayo. Kache alifariki tarehe 26 Februari 2021, akiwa na miaka mitatu na miezi mitano.

Siku ya nne baada ya mazishi marehemu aliingia darasani akakusanya vibao vyote, watoto wakilia kunyang'anywa vitu vizuri, akaandika majina ya kumi na wanne waliovichezea, akapita nyumba kwa nyumba akiwaeleza wazazi. Wapo waliomfukuza, wapo waliosema msiba umemvuruga akili, na wengine wenu mko hapa leo, hatuwalaumu. Bwana Duba, afisa wa afya, alimsikiliza, akamwambia vibao visichomwe, maana moshi wake ni sumu, visizikwe, visitupwe mtoni tunakokunywa maji, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyokubali kuvipokea, vimefungiwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda chake, hadi hivi ninavyosoma. Mama Mwanahamisi, aliyemuuzia, aliondoa vyote dukani bila kubishana, akamwambia, "Mwalimu, na mimi nina wajukuu," lakini mwezi haukuisha, vikawa vinauzwa kibanda cha pili.

Marehemu aliandika barua kuomba vibao hivyo vizuiwe kuuzwa. Ofisi moja ya Nairobi ilimjibu kwamba bidhaa za watoto si za idara yao, nyingine ikataka risiti, ya tatu ikasema kibao kimoja hakitoshi, na ya nne haikujibu. Mwaka 2023 kulikuwa na kikao Hola cha kukusanya maoni juu ya rasimu ya kanuni za vifaa vya kuchezea na mafuta ya watoto, akaenda na picha ya Kache na kopo la mafuta ya kupaka watoto lisilo na maandishi yoyote, kama vile vibao, akapewa dakika tatu. Mwenyekiti alipomwambia, "Mama, fupisha," alijibu, "Maisha ya mwanangu yameshafupishwa, mimi niacheni nimalize," nao wakamwacha, wakaandika, wakamshukuru. Rasimu hiyo mpaka leo ni rasimu.

Mwisho wa mwaka huohuo figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu Malindi mara mbili kwa wiki, na mvua za mwaka 2024 zilipokata barabara alikosa zamu nne, akavimba hata pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno wa mumewe. Alifundisha mpaka Machi mwaka huu, akiwa ameketi. Alifariki tarehe 11 Mei 2025, akiwa na miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Mombasa, Bwana Duba, Mama Mwanahamisi, walimu wenzake, na majirani waliompikia Levi na watoto siku zote za safari.

Kuna jambo moja alituachia, nasi tumelitafutia njia tumekosa. Watoto wale kumi na wanne hawajapimwa damu hata mmoja, mashine iko mbali, na kila tulipogonga tuliambiwa tusubiri, ilhali wapo watatu ambao walimu wao wa sasa wanasema hawashiki kusoma. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono akauliza, "Wamepimwa?" Mimi nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya dada yangu, enyi wazazi, akafumba macho akiamini, na sasa nasimama mbele ya jeneza lake nikiwaomba mnisaidie neno lile liwe kweli.

Mwalimu, dada yangu, nisamehe, upumzike kwa amani.