Konzi Moja kutoka Chini ya Kikapu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mchungaji, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Shule, wazazi wa Gesima, walimu, wanafunzi, na wewe Mwalimu Ruth Mong'ina unayestaafu leo: nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nimsifu Mwalimu Ruth. Nani anafaa kuliko mimi, niliyekuwa Mwalimu Mkuu wake miaka kumi na miwili nisimsifu hata mara moja?

Alifundisha biolojia. Siku moja aliona kwamba seli T, wale askari wa mwili wanaoua seli zilizoingiliwa na virusi, hawaeleweki ubaoni. Akaomba kibali cha kuwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha kununulia majani chai. Nikatia saini.

Nami nilikuwa pale folenini, maana asubuhi hiyo nilikuwa mkulima kuliko mwalimu. Nikamsikia akisema:

"Askari huyu haoni ndani ya seli. Lakini kila seli huonyesha mlangoni vipande vidogo vya protini inazotengeneza, kama mkulima anavyotoa konzi moja kutoka chini ya kikapu, karani aikague. Askari hupapasa. Kipande kikiwa cha mwenyeji, hupita. Kikiwa cha kirusi anachokitambua, huitoboa seli hiyo na kuiamuru ife kabla haijazaa virusi vingine, naye hujizidisha maelfu kwa maelfu."

Kisha akawaachia wanafunzi vikapu. Binti mmoja, Orpah, akachota chini ya kikapu kimoja. Hakukuta majani mawili na chipukizi, yale yanayonunuliwa. Alikuta majani yaliyokomaa, magumu kama ngozi, ambayo mwenye kikapu alikuwa ameyaweka chini kwa unyenyekevu.

"Mwalimu, seli hii imeambukizwa!"

"Ya nani?" akauliza karani Onyiego.

"Ya Mwalimu Mkuu."

"Basi na ife!" akasema mama mmoja nyuma yangu. Namwona hapa leo, bado anacheka.

Je, nilikufa? La. Niliandika barua ya onyo, nikaitia katika faili lake: Mwalimu Ruth amewatoa wanafunzi shuleni bila kibali. Kibali chenyewe nikakifungia kabatini kwangu.

Barua hiyo imemnyima cheo mara tatu. Mwezi uliopita Bodi ilitaka kuipa maabara mpya jina lake, ikaikuta barua katika faili, ikasita, ikaniuliza kama ni ya kweli. Nikaahidi kujibu leo.

Mwalimu alifundisha pia kwamba ugonjwa ukiisha askari wengi hufa, wachache hubaki wakimkumbuka adui. Gesima haikufuata kanuni hiyo, mmebaki wote. Miaka kumi na tisa nimepita sokoni mkinisalimu kama mzee wenu, "Omogaka, chini ya kikapu kuna nini?"

Leo kuna hiki. Ni kibali, na saini ni yangu. Barua ilikuwa uongo. Naifuta mbele yenu.

Mwalimu Ruth, sikudai neno la msamaha. Orpah, nakuona pale kati ya wazazi, wewe ndiwe unayejua kukagua: njoo uipapase saini hii kabla Mwenyekiti hajakipokea kibali.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza, na kwa kutosahau.