Apolonia binti Alfonsi, Mwalimu wa Sikukuu wa Kilwa Kivinje

Marehemu dada yetu Apolonia alizaliwa tarehe 9 Februari 1908 katika kijiji kilicho upande wa machweo wa Mtama, bara ya Lindi. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia, na ndiyo sababu padri alimpa jina hilo. Baba yake, Mzee Alfonsi, alilima mtama na mihogo. Mama yake, Bi Ziada, alikuwa mtu wa Sudi, kwa Waislamu, akabatizwa kabla ya ndoa. Hata hivyo hakuacha kwenda kula Idi kwa ndugu zake, na kila mara aliondoka na watoto wake. Kwa hiyo marehemu alikua akijua sikukuu za pande zote mbili, na aliona ni jambo la kawaida.

Alianza shule ya misheni mwaka 1916, lakini vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika hadi Mahiwa mwaka uliofuata, shule ilifungwa na familia ikakimbilia porini. Alirudi darasani mwaka 1920, akamaliza darasa la nne. Baadaye masista walimfundisha kushona, kusuka ukili na kufundisha watoto wadogo. Kuanzia mwaka 1926 alifundisha katika shule ya kijiji. Mdogo wake Ambrosi, anayesoma wasifu huu, alikuwa mwanafunzi wake, na anashuhudia kwamba udugu haukumsaidia kitu alipochelewa.

Tarehe 3 Juni 1929 alifunga ndoa na Kornelio, fundi seremala. Mwaka 1931 Kornelio alipata kazi ya serikali Kilwa Kivinje, wakahamia huko. Walijaliwa watoto watatu. Wawili, Stefania na Klementi, wapo. Mtoto wao wa tatu alifariki akiwa mchanga.

Kivinje hapakuwa na shule ya misheni, wala marehemu hakuwa na ndugu. Alikaa barazani akishona, na watoto wa mtaa wakamzunguka kutazama. Idi ilipokaribia mwaka ule wa kwanza, aliwapa vipande vya karatasi na gundi ya uji wa muhogo, akawafundisha kutengeneza minyororo ya kupamba milango. Rangi ya njano walipata kwenye bizari, nyeusi kwenye mkaa. Noeli ilipofika, watoto walewale wakarudi kusuka nyota za ukili. Hakuwafundisha dini, kwani aliheshimu wazazi wao. Mtoto akiuliza jambo la Maulidi, alimwambia, "Kamuulize bibi yako, kisha uje unifundishe na mimi."

Lakini aliwapa mambo ya kufikiri huku mikono inafanya kazi. Aliwaambia kwamba Idi hurudi nyuma kila mwaka kwa siku kumi hivi, ndiyo maana wengine waliila wakati wa masika na wengine wakati wa kiangazi. Akawaambia kwamba hata Pasaka hungoja mwezi mpevu, na watoto wakashangaa kwamba padri naye hutazama mwezi. Mwaka mmoja waliagizwa kutengeneza bendera za karatasi kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme, mwezi wa Juni. Marehemu akawaeleza kwamba Mfalme mwenyewe alizaliwa Desemba. Siku ya gwaride mtoto mmoja akamuuliza karani wa boma mbele ya watu, "Bwana karani, kwani Mfalme alizaliwa mara mbili?" Marehemu alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga.

Hatuwezi kusimulia maisha yake tukaruka mwaka 1943. Wakati huo wa vita nguo zilikuwa adimu, na marehemu alitaka watoto wawe na cha kufurahia. Aliwafundisha kukomba mapapai mabichi, kuyatoboa matundu ya maua na kuweka kipande cha mshumaa ndani. Mwezi wa Idi ulipoandama, watoto walipita mitaani na taa zao baada ya magharibi. Samia, binti wa jirani yake Bwana Yahya, alikuwa na umri wa miaka minane. Alipofika nyumbani alining'iniza taa yake chini ya makuti ya jiko. Moto ukashika. Jiko liliteketea pamoja na nusu ya paa la nyumba, na Samia akaungua mkono wa kushoto alipojaribu kuitoa taa.

Marehemu alikwenda asubuhi ya Idi. Alimkuta Bwana Yahya amekaa nje na mkewe, Bi Kazija.

"Nimekuja kusema kosa ni langu," alisema. "Nilimfundisha mtoto kuwasha taa, sikumfundisha mahali pa kuitundika."

Bwana Yahya hakupandisha sauti. "Mwalimu, Mungu ametunusuru. Ila kuanzia leo, sikukuu zetu tuachie wenyewe."

"Nimesikia, Bwana Yahya."

Kornelio na majirani walikata boriti wakaijenga upya nyumba ile. Marehemu alisuka makuti pamoja na wanawake wengine mpaka paa likatimia, na alimsindikiza Samia hospitali kila alipokwenda kubadilishwa kitambaa. Halafu akatimiza neno lake. Mkasi na karatasi akavifungia kabatini. Watoto walipopiga hodi, alitoka, akawasalimu, akawarudisha makwao. Mumewe anasema alizoea kuamka siku za sikukuu na kufagia baraza ile ambayo hapakuwa na mtu wa kuichafua. Sikukuu za karibu miaka mitatu zilipita hivyo.

Mwezi wa Agosti 1946, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, Bi Kazija alikuja na Samia. Alikataa kukaa.

"Mama Stefania, mkono wa mtoto umepona siku nyingi," alisema. "Wewe unangoja nini?"

"Bwana Yahya alisema."

"Bwana Yahya ndiye aliyenituma, yeye anaona haya. Idi zote hizi watoto wamejikunyata kama kuku wa mvua. Hata yeye anawahurumia."

"Na moto, Bi Kazija?"

"Moto upo jikoni kwangu kila siku, na bado napika."

Marehemu alikaa kizingitini akalia. Kisha alimtuma Samia afungue kabati. Tangu Idi ile taa zilitundikwa kwenye miti iliyosimikwa mchangani, mbali na nyumba, na mtu mzima alisimama kando na ndoo ya maji. Mara nyingi aliyesimama alikuwa Bwana Yahya.

Mwaka 1955 marehemu alianza kusumbuliwa na uvimbe tumboni. Alitibiwa Lindi, kisha Ndanda, ambako alikaa miezi miwili. Madaktari walipomweleza kwamba hawana la kuongeza, aliomba kurudishwa Kivinje. Wakati wa Maulidi, mwezi uliopita, alitolewa kitandani akalazwa barazani. Samia, ambaye sasa ni mama wa mtoto mmoja, aliwaongoza watoto kukata karatasi. Marehemu aliwatazama. Watoto walipoondoka alimwita Samia.

"Noeli msiningoje," alimwambia. "Nyota ziwe na pembe tano."

"Wakikosea, Mwalimu?"

"Wakikata sita, waache. Zitang'aa vilevile."

Alipokea sakramenti za mwisho, akafariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Novemba 1956, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Bi Kazija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia, na ndiye aliyemfumba macho. Jeneza hili amelichonga Kornelio mwenyewe, akisaidiwa na Bwana Yahya, ambaye hajui useremala.

Marehemu ameacha mume, Kornelio, watoto wawili, Stefania na Klementi, wajukuu watatu, mdogo wake Ambrosi, wajomba na binamu wa Sudi, Samia, ambaye familia inamhesabu kuwa binti yake, na watoto wa Kivinje, walio hapa leo na waliokwisha kuwa watu wazima.

Mungu aliyemtuma kwetu amempokea kwake. Astarehe salama, dada yetu Apolonia. Amina.